Mapigo ya Kuazima

Barazani, mlango wa pili
Tarehe 4 Machi

Kwa Binti yangu mpendwa,

KUHUSU: KUPOKEA SIMU MOJA NA SAA MOJA, PAMOJA NA PINGAMIZI

Ama baada ya salamu, natumaini waraka huu utakukuta katika hali njema. Nami huku ni mzima, isipokuwa kwa hayo nitakayoyaeleza.

Kifurushi chako kimefika kikiwa hakijaguswa na mtu. Ndani yake nimekuta simu janja moja, nyeusi, na saa janja moja, rangi ya majivu, pamoja na nyaya zake. Nashukuru kwa moyo mkunjufu. Shukrani hizo zikiisha kupokelewa, naomba kuwasilisha maoni.

Simu ni pana kama kibao cha kukatia vitunguu, na inataka kuuona uso wangu kabla ya kunifungulia. Nimeandikia mahakimu maisha yangu yote na hakuna aliyenidai hilo. Nisipovaa miwani hainijui, na nikiivaa inanitazama kama mgeni. Kuhusu kuzungumza kwa simu, wayajua masikio yangu: sauti humo ni nyuki aliyefungiwa chupani. Kwa hiyo tutaendelea kuandikiana kama watu.

Saa ndiyo yenye utovu wa adabu. Jana nilikuwa na mteja, mama mmoja mtu mzima, tukitunga ombi lake la kuunganishiwa maji. Ghafla saa ikanitikisa mkono na kuandika kwa herufi kubwa: SIMAMA! Mteja, ambaye anajua kusoma, alisimama. Alidhani tumefukuzwa. Fundi cherehani ninayeshiriki naye baraza, yule mnayemwita Bwana Pindo, alicheka hadi uzi ukamkatikia. Yeye ameipenda saa hii mno. Kila nikinyanyua kikombe anaufuata mkono wangu kwa macho.

Hata hivyo, umeandika kwamba tangu nilipoanguka pale ngazini mwaka jana hupati usingizi, na kwamba saa hii itakuonyesha moyo wangu huko uliko. Sikuwahi kufikiri kwamba moyo wa mtu utakuwa kitu cha kutazamwa dukani. Lakini usingizi wako ni mali yangu pia. Nitaivaa.

Wako katika wajibu,
Baba yako,
Mwandishi wa Barua Rasmi na Maombi


Dukani
Tarehe 15 Machi

Shikamoo Baba,

Nimeisoma barua yako nyuma ya kaunta nikacheka peke yangu mpaka bosi akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Yule mama pole yake! Bonyeza kitufe cha pembeni mara mbili, itaacha kukuamrisha.

Baba, hapa nauza vitu hivi kutwa, nikwambie ukweli ambao siwaambii wateja. Simu ya mwaka huu na ya mwaka jana ni mapacha, mmoja kavaa koti jipya. Watu wanauliza ina kamera ngapi, inakunjika, inaelea majini. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza kama sauti ya mama yake itasikika vizuri. Lakini saa, saa naiamini. Kwenye simu yangu nimeandika BABA, na chini yake kuna moyo mwekundu unaodunda. Nikiamka naitazama kabla sijanawa uso.

Sasa nisikilize. Wiki hii sipendi ninachokiona. Mapigo yako yanakwenda, yanasita, halafu yanakimbia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Umeonana na daktari? Kama hayatulii nitaomba likizo nije, na sitanii.

Najua utauliza habari za kazi, maana ndiyo salamu yako ya pili. Msimamizi wa duka anahama, na wamenitajia mimi. Uamuzi ni mwanzoni mwa Julai, na wamesema wazi kwamba anayeitaka nafasi asiondoke kabla ya hapo. Lakini kazi zipo nyingi, baba ninaye mmoja. Neno moja tu, "njoo," na mimi niko kwenye basi.

Mwanao


Barazani, mlango wa pili
Tarehe 24 Machi

Kwa Fundi Cherehani (Bwana Pindo),
Barazani, mlango wa kwanza

KUHUSU: OMBI LA KUVAA SAA KWA NIABA YANGU

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Natambua kwamba umeketi karibu nami kiasi cha kusikia nikikohoa, na kwamba ningeweza kuinua sauti tu. Lakini jambo zito lisiposhikwa na karatasi huyeyuka.

Zahanati wamenipima. Wamesema moyo umechoka, wamenipa vidonge, wakaniambia nisibebe vitu. Hakuna jipya kwa mtu wa umri wangu. Lakini binti yangu anayaona mapigo haya akiwa kazini, na yuko tayari kuiacha nafasi ambayo ameitolea jasho miaka yote ili aje kunitazama nikimeza vidonge. Sitakubali kuwa jiwe shingoni mwa mtoto wangu.

Wewe unakanyaga cherehani kutwa, na jioni unapanda kilima kwenda kwako bila kutweta. Kwa heshima zote, una moyo wa punda. Kwa hiyo naomba uivae saa tajwa hadi mwanzoni mwa Julai. Simu itakaa mezani kati yetu mchana, na jioni utaondoka nayo, maana saa ikiwa mbali na simu haimfikishii kitu. Usiiloweshe. Usimwambie mtu.

Natanguliza shukrani.

Jirani yako,
Mwandishi wa Barua Rasmi na Maombi


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa chaki ya kukatia nguo)

Mzee Tajwa,

Yaani umeandika, ukakunja, ukatia bahasha, ukanyanyuka kuniletea, halafu umerudi kukaa unanitazama nasoma! Wewe utaomba hata chumvi kwa maandishi.

Saa naichukua. Niliitamani tangu siku ile mama wa maji aliposimama. Mke wangu ataniona kijana.

Lakini nasema, na iandikwe, maana ndilo unalopenda: mtoto akimtaka baba yake, mpe baba yake, usimpe fundi. Mimi nimeshona miaka mingi. Suruali ya mtu mwingine hata ikikukaa kiunoni, magoti yatakusema.

Pindo
24/3


Dukani
Tarehe 20 Aprili

Shikamoo Baba, shikamoo tena!

Hivi vidonge gani hivyo nami nikanunue? Tangu mwisho wa mwezi uliopita mapigo yako yametulia kama maji mtungini. Na miguu! Nakumbuka ulivyokuwa ukimtuma mtu dukani hata kama duka liko mlango unaofuata. Leo nakuona kila jioni unapanda kilima. Kilima, Baba? Wewe? Halafu unalala mapema. Umeokoka, au umepata mchumba?

Mteja mmoja leo alibishana nami, eti saa hizi ni pambo la watu wenye muda wa kupoteza. Nikamwonyesha simu yangu. Nikamwambia, "Huyu ni baba yangu, yuko safari ya siku nzima kutoka hapa, na moyo wake huu." Akanunua mbili.

Nimewaambia sitaomba likizo. Jina langu limepelekwa juu. Nisingethubutu kama si kuuona moyo huu. Mwambie Bwana Pindo asikuchoshe kwa stori zake.

Mwanao mwenye furaha


Barazani, mlango wa pili
Tarehe 2 Mei

Kwa Binti yangu mpendwa,

KUHUSU: MAJIBU YA BARUA YAKO YA TAREHE 20 APRILI

Ama baada ya salamu, nimeisoma barua tajwa kwa furaha kubwa, hasa aya inayohusu jina lako kupelekwa juu. Nimeisoma kwa sauti hapa barazani. Bwana Pindo alisikia.

Kuhusu kilima, nimeona vyema miguu inyooshwe. Kuhusu mchumba, swali hilo halikustahili kuandikwa na binti kwa baba yake, na sitalijibu, isipokuwa kusema kwamba hayupo.

Nina swali moja dogo, si la lazima. Unapoutazama moyo huo kwenye kioo, je, unautambua? Yaani kama siku zile ukiwa mdogo, ulipokuwa ukijua ni mimi ninayekuja kwa mlio wa viatu tu, kabla sijabisha hodi. Nauliza kwa sababu za kiufundi.

Sina la kuongeza.

Wako katika wajibu,
Baba yako


Dukani, kwa haraka
Tarehe 9 Juni

Baba,

Nisamehe sina muda wa salamu. Tangu jana asubuhi saa inatoa onyo. Mapigo yako yamevurugika, si kama yale ya Machi, ni mabaya zaidi: yanapaa, yanaanguka, yanapaa. Nimepiga simu, inaita tu. Nimekutumia ujumbe mara nyingi, nao unaonyesha umesomwa. BABA NENDA HOSPITALI LEO. Maneno manne. Hukujibu hata moja.

Barua hii nampa dereva wa basi la mchana aje akukabidhi mkononi, kwa sababu najua karatasi unaiheshimu. Naomba, nakupigia magoti, nenda. Kama huna nguvu mwambie Bwana Pindo akushike mkono akupeleke, yeye ni mzima kama chuma.

Nisiposikia kutoka kwako hadi keshokutwa, nakuja, nafasi ya kazi ipotee ikipotea.

Mwanao


Barazani, mlango wa pili
Tarehe 10 Juni

Kwa Binti yangu mpendwa,

KUHUSU: ONYO LA SAA, NA UTARATIBU WA KUPASHANA HABARI

Ama baada ya salamu, ambazo katika barua yako zimekosekana, nakujulisha kwamba dereva amenikabidhi waraka wako, naye huyo huyo anarudi na majibu haya.

Ni kweli ujumbe wako niliuona kwenye simu. Lakini ujumbe usio na salamu, tarehe wala sahihi siwezi kuutendea kazi. Ningejuaje ni wewe, na si chombo kinajiandikia chenyewe? Maneno manne kwa herufi kubwa, kama tangazo la kukataza kukojoa ukutani. Sikukufundisha hivyo.

Ama kuhusu onyo lenyewe: ninaandika haya nikiwa nimekaa kitini pangu, nimekunywa chai, sina maumivu popote. Ninakuhakikishia, kama baba yako na kama mtu ninayekijua kifua changu, kwamba moyo wangu hauna tatizo jipya lolote. Kwa hiyo hakuna shaka kwamba saa imedanganya. Vyombo hivi hutengenezwa kwa haraka ili vipya viuzwe mwakani. Wewe mwenyewe ulisema ni mapacha wenye makoti.

Usije. Umebakiza wiki chache tu. Bwana Pindo naye anakusalimu. Anasema leo joto ni kali, na amefungua vifungo vya shati.

Wako katika wajibu,
Baba yako


Tarehe 12 Juni

Binti yangu,

Mimi ni mzima. Saa imevuliwa, ndiyo sababu huoni kitu. Usije na usiulize kwa sasa. Nitakuandikia nikiweza.

Baba yako


Barazani, mlango wa pili
Tarehe 27 Juni

Kwa Binti yangu,

KUHUSU: OMBI LA KUREKEBISHA KUMBUKUMBU

Ama baada ya salamu. Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana. Naomba uisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Bwana Pindo amefariki. Ilikuwa tarehe 11 Juni, alasiri, hapa hapa barazani. Alikuwa akishona sare ya shule. Wewe unajua kwamba hata masikio yangu haya huisikia cherehani yake. Nimeandika maombi yangu yote juu ya mlio ule. Alasiri hiyo ikanyamaza. Mimi nilikuwa nikitafuta neno la kumalizia sentensi, na nilipoona kimya nilishukuru. Nikalipata neno. Nikaandika. Nilipoinua kichwa kumwambia jambo, alikuwa amelaza shavu juu ya kitambaa, sindano ikiwa imezama nusu.

Sasa nalisema lile nililokuficha. Moyo uliokuwa ukiutazama tangu tarehe 25 Machi si wangu. Nilimvisha saa yeye, kwa maandishi, ili usiiache nafasi yako kwa ajili yangu. Kilima kilikuwa chake. Usingizi wa mapema ulikuwa wake. Na onyo lile, binti yangu, lilikuwa lake.

Nimejiuliza ilikuwaje mtu anayejivunia kusoma kila herufi asome maneno yako manne asiyaelewe. Jibu ni hili. Ulipoandika kwamba moyo wa baba yako umevurugika, mimi nilijishika kifua, nikakikuta kitulivu, nikatoa hukumu: saa imedanganya. Sikujiuliza kama imesema kweli juu ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa mbele yangu akifungua vifungo vya shati. Nikakuandikia jambo hilo kwa mkono wangu, kama habari ya joto.

Siku chache baada ya mazishi mkewe alikuja kuchukua cherehani. Akaniwekea saa mezani. Akasema, "Shemeji, mali yako hii. Ilimtikisa mkono usiku kucha na asubuhi yake. Nikamwambia, mume wangu, hiki kitu si kinakuita wewe? Akasema, 'Ah, hiyo ni simu ya watu, binti anamtaka baba yake.' Akashusha mkono wa shati akaifunika."

Nilimweleza yote, nimesimama. Sikutumia karatasi. Aliisikiliza habari yote akiwa na ile sare ambayo haikumalizwa mikononi. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nilitamani anitukane. Mwishoni aliuliza kitu kimoja tu: kama mapigo ya mumewe bado yapo kwako. Nikasema yapo, lakini ni mistari tu kwenye kioo. Akasema, "Ni mistari yake."

Kwa hiyo naomba kama ifuatavyo. Kwanza, mapigo yote ya tangu tarehe 25 Machi hadi tarehe 11 Juni yaondolewe chini ya jina langu na yaandikwe chini ya jina la mwenyewe. Yasifutwe. Pili, mkewe apatiwe nakala, kwa njia yoyote unayoijua.

Aliwahi kuniandikia, kwa chaki, kwamba suruali ya mtu mwingine hata ikikukaa kiunoni, magoti yatakusema. Chaki imeanza kufutika. Nimeiweka karatasi ile chini ya kioo cha meza.

Kuanzia leo saa imo mkononi mwangu, na simu imo mfukoni. Utakayoyaona ni yangu, na utaona kwamba si mazuri. Kuhusu kuja au kutokuja kwako, nimepoteza haki ya kukushauri, kwa hiyo siombi lolote.

Mimi,
Baba yako


(Ujumbe wa simu)

Tarehe 29 Juni

Kwa Baba yangu mpendwa,

KUHUSU: MOYO ULIOMO MKONONI MWAKO

Ama baada ya salamu, shikamoo. Barua yako nimeipokea leo mchana kwa mkono wa dereva. Nimeisomea stoo, kati ya maboksi ya simu mpya, kwa sababu kaunta ilikuwa na watu.

Uliwahi kuniuliza kama ninautambua, nami sikukujibu, nilidhani ni utani wako. Moyo ule mwingine niliwaonyesha wateja nikajivuna nao, na kumbe sikuujua ni wa nani. Huo ndio mzigo nitakaoubeba. Ulipokuwa unaniambia nisije, nilishukuru, Baba. Nami nilikuwa natafuta sababu ya kubaki.

Huu wa tangu juzi nimeutambua. Unakwenda, unasita, unasita tena, halafu unakimbilia mwisho, kama wewe unapotafuta neno.

Jina nimelibadilisha. Bwana Pindo ana ukurasa wake, hakijafutwa kitu. Nitauchapisha kwenye karatasi ndefu na kumkabidhi mkewe mwenyewe.

Kuhusu kazi, uamuzi ni wiki ijayo, na basi lipo kesho alfajiri. Safari hii sitaisoma saa na kuamua peke yangu. Naomba unijibu wewe kama nije au nisubiri, na unijibu kwa njia hii hii, kwa kuwa barua itachelewa.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Binti yako


(Ujumbe wa simu)

njoo